Treni ya Moja kwa Moja

Meza ya jikoni tumeikunjua mabawa yote mawili.
Juu yake: ramani yenye doa la kahawa pale Slovenia,
kalamu tatu za rangi, miwani ya mama mkwe,
na mkate ambao hakuna aliyekumbuka kuukata.
Ni Aprili. Graz bado inavaa makoti,
lakini sisi tumeshafika Agosti, tunabishana kuhusu jua.

Roswitha, mke wangu, hupanga safari
kama fundi saa anavyopanga magurudumu:
jino hili liingie hapa, lile lisubiri.
"Ljubljana, siku mbili. Trieste, tatu.
Venisi usiku mmoja tu, maana bei zake zinauma.
Bologna, tule. Halafu treni ya usiku, kitandani, nyumbani."
Anasema "nyumbani" kama mtu anayefunga kifungo cha mwisho.

Mama mkwe ana goti lake,
na goti nalo lina haki ya kupiga kura:
halitaki ngazi, halitaki basi lisilo na choo,
halitaki kubadilisha treni kwa dakika sita,
"hata kama jukwaa ni lile lile, hata kama mnanibeba."
Theres, miaka kumi na minne, anataka gari la kukodi,
madirisha wazi, asiulizwe anakwenda wapi.
"Na Venisi utaliegesha wapi?" bibi yake anauliza.
"Juu ya bata?"

Mimi kazi yangu ni hesabu.
Punguzo la wazee, nafasi za kukaa,
sanduku linalozidi kilo mbili. Najumlisha, natoa,
napata jibu, nalifuta kwa kuwa silipendi.
Wahenga walishasema, mipango si matumizi;
hawakuwahi kuona bei ya Venisi mwezi wa nane.

Ndipo kidole changu kikakwama.
Kati ya Trieste na Venisi, kwa wino wa kijani,
kwa ule mwandiko wake mdogo usioinua sauti:
Monfalcone. Kushuka saa nne asubuhi. Kupanda saa nane.

Nikasema, "Hapa umekosea.
Treni ya moja kwa moja ipo. Naiona. Mbona tushuke?"

Hakuna aliyejibu.
Mama mkwe akaugundua mkate, akaanza kuukata.
Theres akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Monfalcone kuna kiwanda cha meli.
Kwenye kiwanda cha meli kuna mchomeleaji
mwenye masikio yangu na kikohozi cha baba yetu.
Gernot.
Miaka tisa.
Tuligombana juu ya shamba la maboga,
ekari moja na robo, udongo mzito, mteremko mbaya;
nililiuza mimi, na kabla ya kuliuza sikumpigia simu.
Tangu hapo kati yetu pana reli nzuri, imenyooka,
na hakuna treni.

Ndugu wakigombana, husemwa, shika jembe ukalime.
Roswitha amelima:
kadi za Krismasi alizozitia sahihi yangu,
chupa za mafuta ya mbegu za maboga
alizosema zilivunjika njiani kutoka sokoni.
Sasa nazihesabu zile chupa.
Hakuna mwanamke mwenye mikono ya kuteleza kiasi hicho.

"Masaa manne," akasema, bila kuinua macho,
"ni kwa ajili ya goti la mama."
Goti, kwa mara ya kwanza, halikupinga.

Nikachukua kalamu. Nilidhani nitafuta.
Masaa manne: dakika mia mbili na arobaini.
Tano za kutoka jukwaani hadi nje.
Kumi za kutazamana viatu.
Zilizobaki sijui zinajumlishwaje.
Nikashuka hadi chini ya ukurasa, kwenye orodha ya mizigo,
baada ya dawa za goti na chaja na kofia,
nikaandika: kapu.

Theres akauliza, kapu la nini.
Bibi yake akamsukumia kipande cha mkate.